Shilingi Elfu Ishirini za Kuzibua Tundu

Mashine iliyotumika ikikataa kuwaka, Mtanzania haiulizi swali, anaitafutia pesa. Hata yule asiyekuwa nazo atazitafuta. Atauza gunia la mpunga, atakopa kwa shemeji, ataomba kikoba kimvumilie, ilimradi apate kununua kitu cha chuma kilichofungwa katika boksi jipya, akipeleke kwa fundi kikafungwe mahali pa kingine. Mashine ikiwaka, sifa ni za kile chuma. Isipowaka, kinanunuliwa chuma cha pili. Huo ndio utabibu wetu wa mashine, na mimi nasema ni utabibu wa yule mganga anayemmezesha mgonjwa dawa zote za kabatini, moja baada ya moja, mpaka mgonjwa apone au kabati liishe.

Naandika haya nikiwa Ikwiriri, wilayani Rufiji, ambako nimekaa tangu nilipostaafu ualimu. Huku kwetu hakuna mwenye ukoka mpana wa kukatwa kwa mashine ya kukalia kama wafanyavyo watu wa Ulaya na Marekani. Majani yetu tunayafyeka kwa fyekeo, na mwenye mbuzi hana hata haja ya fyekeo. Mashine tunayoikalia sisi ni pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili lenye injini ya dizeli ya silinda moja. Shambani dereva hulishika kwa mikono miwili akalifuata nyuma matopeni, na barabarani hulifunga tela, akaketi mbele ya tela hilo kama mwenye gari. Aghalabu ni ya mkono wa pili au wa tatu. Mwenye kuiuza husema inawaka kwa hendeli moja tu, na mbele ya mnunuzi kweli huwaka kwa hendeli moja.

Kikundi cha akina mama kumi na wanane wanaolima mpunga kilinunua pawatila ya namna hiyo, nami nikafanywa mweka hazina kwa hoja kwamba mwalimu hata akila fedha za watu ataandika amekula kiasi gani. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia kijiweni. Ninayo katika daftari, kwa tarehe.

Mwaka 2024, kama wengi wanavyokumbuka, Mto Rufiji ulifurika vibaya mwezi Aprili. Mashamba ya bondeni yalikwenda na maji na watu wakahamia miinukoni. Pawatila ya kikundi ilikuwa imekwisha kupandishwa mapema, ikaegeshwa chini ya banda la makuti, ikafunikwa turubai, ikakaa miezi mitatu bila kuguswa. Maji yalipoanza kupungua, kila mtu wa Rufiji alijua lililobaki ni lipi: mlao, yaani kupanda katika udongo ule mweusi ulioachwa na mafuriko kabla unyevu wake haujapotea. Mlao hauna subira. Ukiingia mapema unazama matopeni. Ukichelewa, udongo umepasuka na kuwa mgumu kama tofali, na mbegu utakayoitia humo umewalisha ndege. Aliyepoteza mpunga wa masika kwa mafuriko hana kingine cha kula mwaka huo ila mlao. Ndiyo maana suala la pawatila kuwaka au kutowaka halikuwa suala la mitambo. Lilikuwa suala la chakula cha watoto.

Mashine ikatolewa, tenki likajazwa dizeli hadi shingoni, hendeli ikazungushwa, ikawaka. Akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya dakika chache ikaanza kudhoofika, sauti ikashuka, ikazima. Ikazungushwa tena mpaka vijana wawili wakachubuka viganja. Kimya.

Akaitwa fundi. Akafungua kifuniko cha tenki kuona kama mafuta yamo, akasema filta imeziba. Filta shilingi 12,000, ufundi 20,000. Akatoa upepo kwenye mrija wa mafuta, mashine ikawaka, akalipwa, akaenda zake. Kifuniko kikafungwa vizuri ili uchafu usiingie. Mashine haikufika hata mwisho wa jaruba la kwanza. Akarudi, akafungua kifuniko, akatazama, akasema nozeli imekufa. Nozeli 35,000, ufundi 25,000. Ikawaka, akalipwa, ikazima. Mara ya tatu ikahukumiwa pampu ya dizeli. Ikabidi fundi apande basi mpaka Kariakoo kuifuata: pampu 140,000, nauli na posho 40,000, ufundi 40,000. Ikawaka, ikazima. Mara ya nne akasema sasa ugonjwa uko ndani, akaifumua injini yote juu ya gunia pale pale bandani: ringi na gasketi 70,000, ufundi 50,000. Jumla shilingi 432,000. Katika vikao vyote vinne vilivyoidhinisha fedha hizo hakuna mwanachama hata mmoja aliyenyosha mkono kuuliza. Nami nilitoa fedha kama nilivyoagizwa na kikao, nikaandika, nikapiga mstari.

Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita. Udongo wa juu ulikuwa umeanza kupasuka.

Ndipo Bi Mwenyekiti alipomwendea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya injini katika pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 na kuipumzisha pantoni hiyo. Mzee alikuja na bakora, hakuja na spana. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaanza kuuliza. “Hebu niambieni wanangu, inazima ghafla kama mtu aliyepigwa rungu, au inafifia kama taa ya chemli?” Inafifia, mzee. “Mara ya mwisho kufanya kazi vizuri ilikuwa lini, na baada ya hapo ilikaa wapi?” Akaelezwa habari ya banda la makuti. Kisha akauliza swali ambalo vijana walicheka: “Inazima upesi tenki likiwa limejaa, au likiwa na mafuta kidogo?” Wakatazamana. Yule kijana anayeiendesha akafikiri, akasema, kwa kweli mzee, likijaa ndipo inapozima upesi zaidi. Likiwa nusu hufika mbali kidogo.

Mzee akatikisa kichwa. Akaagiza iwashwe, wakaiwasha kwa shida baada ya kufungua na kutoa upepo, kifuniko kikafungwa, tukangoja. Ilipoanza kufifia hakugusa pampu wala nozeli. Alilegeza kifuniko cha tenki. Tuliokuwa karibu tulisikia hewa ikivutwa ndani, fyuu, na mashine ikanyanyua sauti palepale kama mtu aliyetolewa kichwa majini. Akakigeuza kifuniko, akatuonyesha. Kila kifuniko cha tenki la namna hii kina kitundu chembamba cha kupitisha hewa, ili mafuta yakishuka hewa ichukue nafasi yake. Katika ile miezi mitatu bandani, nyigu wale wanaojenga vijumba vya udongo walikuwa wamekipenda kitundu kile. Mzee akavunja chelewa kwenye fagio, akazibua, akapuliza. Dakika tatu, labda nne. Mashine ililima mpaka magharibi.

Msomaji, nakuomba tusipite hapa haraka, maana mkasa wenyewe ni mdogo lakini kilichomo ndani yake ni kikubwa. Tazama jinsi fundi alivyodanganyika. Kila alipofika, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua kifuniko, na kwa kufungua kifuniko alikuwa ameuondoa ugonjwa kabla hajautafuta. Hewa iliingia, mafuta yakashuka, mashine ikawaka, naye akaamini ni nozeli yake mpya. Alipoondoka, kifuniko kilifungwa na ugonjwa ukarudi. Filta, nozeli, pampu na ringi zilikuwa mashahidi wanne wa uongo, na kila mmoja alilipwa. Tena tazama swali la mzee. Tenki likijaa, nafasi ya hewa iliyobaki juu ya mafuta ni ndogo, kwa hiyo yakishuka kidogo tu hewa ile inakuwa nyepesi na kuyazuia yasishuke zaidi. Tenki likiwa nusu, hewa ni nyingi na inavumilia kwa muda mrefu. Jibu la kijana lilikuwa limekwisha kuutaja ugonjwa. Alikuwa nalo kichwani siku zote kumi na tisa. Hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa yeye ni dereva tu.

Watu husema mafundi wetu ni wezi. Mimi sikubaliani nao, na hapa ndipo ugomvi wangu unapoanza hasa. Fundi yule si mwizi. Ni mtu anayefanya kile anacholipwa kukifanya. Mwambie fundi aje akae saa mbili na mashine yako, aisikilize, aipime, kisha akuambie “haina ubovu ila tundu limeziba”, halafu adai 20,000. Utamfukuza. Utasema amekuibia mchana kweupe, hajatoa hata nati. Lakini akija na boksi lenye maandishi ya kigeni, akavunja, akafunga, akachafuka oili mpaka kwenye viwiko, utamlipa 25,000 na soda juu. Basi fundi mwenye akili afanye nini? Atauza chuma. Tumewafundisha mafundi wetu kubahatisha kwa kukataa kuwalipa wasipobahatisha, kisha tunawalaani kwa kubahatisha.

Na kupima kwenyewe si uchawi. Injini ya dizeli kama ya pawatila inataka mambo matatu tu: mafuta yafike kwa wakati wake, hewa safi iingie, na kompresheni iwe kali ya kutosha kuyachoma hayo mafuta kwa joto lake. Haina plagi. (Nimewahi kusikia kwa masikio yangu mtu akitumwa dukani kununua plagi ya pawatila, na dukani wakamuuzia.) Hivyo mwenye mashine anaweza kuihoji kabla hajampigia mtu simu. Izungushe kwa hendeli utazame bomba la moshi. Kama hautoki moshi kabisa, hata uzi mmoja, mafuta hayafiki. Anza kwenye tenki, kifuniko chake, koki yake, filta na mrija, ukishuka hatua kwa hatua, na uhakikishe hakuna upepo ndani ya mrija. Kama unatoka moshi mweupe na mashine haiwaki, mafuta yanafika lakini hayaungui, na hapo shaka inahamia kwenye kompresheni, au kwenye wakati wa pampu kusukuma, au maji yameingia katika dizeli. Mashine ikiwaka na kutoa moshi mweusi mzito, mara nyingi inakosa hewa. Fungua kisafisha hewa uone panya wamefanya nini humo.

Kompresheni nayo huhitaji mkono wako tu. Kiache kile kishikio kidogo cha kulegezea kompresheni kirudi mahali pake, uzungushe polepole. Injini nzima itakukatalia, itasukuma mkono wako urudi nyuma. Ikizunguka kwa ulaini kama cherehani, basi valvu hazifungi au ringi zimekwisha, au, na hili nimeliona, kile kishikio chenyewe kimekwama hakijarudi. Hilo la mwisho halina bei. Na kama unataka kujua nozeli ni nzima, fundi aifungue, aiunganishe na bomba lake nje ya injini, izungushwe: inatakiwa itoe ukungu mwembamba kwa mkupuo, si kutiririsha wala kudondosha. Tahadhari moja kubwa hapo: usiweke mkono mbele yake, kwa maana dizeli ile hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na hiyo ni safari ya hospitali. Haya yote yangeweza kufanyika siku ya kwanza, kwa spana mbili, kabla shilingi moja haijatoka katika sanduku la kikundi.

Wenye pampu za petroli za kumwagilia bustani za mboga kandokando ya mto wana kesi hiyohiyo katika mahakama nyingine. Wao wana plagi. Baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, ichomoe uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini cheche hakuna, au umeizamisha kwa kuvuta choki mno. Petroli iliyolala miezi mingi huchacha na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Imwage, safisha, tia mpya. Na baadhi ya injini hizo ndogo zimetiwa kifaa kinachokata cheche oili ikipungua, ili injini isijiunguze. Mtu anavuta kamba kutwa, ananunua plagi, ananunua koili, kumbe mashine inamwambia kwa lugha yake, nitie oili kwanza.

Nilipomsimulia mpwa wangu aishiye Marekani mambo haya kwa simu, alicheka, akaniambia hata huko. Alinunua mashine ya kukalia ya kukatia majani, iliyotumika, ikawa haiitiki hata kidogo ukigeuza ufunguo. Betri alibadilisha. Stata alibadilisha. Baadaye jirani yake mstaafu akamwuliza kama amekaa juu ya kiti anapowasha. Mashine zile zina swichi chini ya kiti: kama hakuna aliyekaa, au hukukanyaga breki, au umeacha visu vikiwa vimeunganishwa, haziwaki kwa makusudi, kumlinda mtu asikatwe miguu. Waya wa swichi hiyo ulikuwa umechomoka. Kwa hiyo sitaki msomaji adhani nawasema Warufiji au Watanzania peke yao. Tofauti ni kwamba mpwa wangu alipoteza fedha za mapambo ya ua wake. Huku tulikuwa tunapoteza mlao.

Wala si jipya katika ardhi hii. Wazee wa Kongwa na Nachingwea walishuhudia Mpango wa Karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Matrekta mapya yalikuwa adimu duniani, kwa hiyo wakanunua yaliyotumika, mengi yakiwa masalio ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yametupwa Ufilipino. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Yakashushwa Dar es Salaam, yakapelekwa Kongwa, na mengi yakafa mapema. Udongo wa kule ulikula majembe yake, madereva walikuwa hawajafunzwa vya kutosha, karakana hazikuwa tayari, spea zilikuwa za mashine za kila aina. Hawakuipima vya kutosha hata ardhi wala mvua yake kabla ya kuanza. Mwaka 1951 mpango ukatangazwa kuwa umekufa, makumi ya milioni za pauni zikiwa zimefukiwa. Walikuwa na wahandisi, walikuwa na fedha, walikuwa na dola nzima nyuma yao. Lakini walinunua kwanza, wakauliza baadaye, na jibu likaja lilelile linalokuja bandani kwetu.

Sasa nije kwa wakubwa wetu. Mkakati wa Kilimo Kwanza ulipotangazwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa katika wilaya nyingi, na sina neno na nia yake. Jembe la mkono limetupinda migongo vya kutosha. Lakini kumbuka zile sherehe za kukabidhi. Turubai, viti vya plastiki, ngoma, utepe, picha ya kiongozi ameshika usukani. Ni nani katika sherehe hizo aliyesimama akasema, huyu hapa ndiye atakayeitunza, na hiki hapa kitabu chake kwa Kiswahili? Baada ya miaka michache, mpita njia alizikuta baadhi yake zimeegeshwa miembeni, kuku wanatagia chini ya mudigadi. Watu wakahukumu: mashine hizi mbovu. Huenda zingine zilikuwa mbovu kweli. Lakini ni ngapi kati yake zilizokufa kwa kitundu cha kifuniko, kwa koki iliyofungwa, kwa maji ndani ya dizeli? Hakuna awezaye kujibu, kwa sababu hakuna aliyepima kabla ya kuzizika.

Vyombo vya kufundisha tunavyo. SIDO ipo tangu mwaka 1973, VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vijana hodari wametoka humo. Ila kijana huyo akirudi kijijini na ujuzi wa kupima, anakuta soko linalonunua chuma tu. Miaka miwili baadaye naye anauza chuma. Kitabu cha mashine anakifunga nyama choma.

Najua nitakavyojibiwa, kwa maana nimekwisha kujibiwa. “Mwalimu, hayo ni ya darasani. Msimu unakwenda, watu hawana nafasi ya kukaa kuulizana maswali. Badilisha vitu, mashine iende shambani.” Sawa. Tuhesabu basi. Njia ya haraka ilichukua siku kumi na tisa na shilingi 432,000. Njia ya maswali ilichukua chini ya saa moja, pamoja na kuamkiana. Wakati ule wa haraka, wanachama saba kati ya kumi na wanane walikwisha kukata tamaa wakalima kwa jembe vipande walivyoviweza, na wanne ambao mashamba yao yako juu kidogo walikosa mlao kabisa, kwa kuwa udongo ulikwisha kukauka. Mmoja wao ni mjane mwenye wajukuu watano. Haraka hiyo ilimsaidia nini?

Wengine husema yule mzee alibahatika. La hasha. Mzee alijifunza kazi mahali ambapo huwezi kubahatisha. Pantoni ikizimika katikati ya Rufiji, mkondo hausubiri mtu aende Kariakoo. Alituambia mwenyewe: ndani ya pantoni duka lilikuwa ni kichwa. Tena siku zile za miaka ya themanini, hata ungefika Dar es Salaam usingeipata hiyo spea. Uhaba uliwalazimisha kufikiri. Siombi uhaba urudi, Mungu apishe mbali. Lakini ni jambo la aibu kwamba lami na wingi wa maduka vimetufanya tuwe wajinga kuliko wazee waliofanya kazi kwa waya wa kufungia na sabuni ya mche.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile ile jioni, kwa ruhusa ya Bi Mwenyekiti, nilimlipa mzee shilingi 20,000. Alikataa mara mbili, akapokea mara ya tatu. Nikaandika katika daftari: “Ujuzi, kuzibua tundu la kifuniko, 20,000.” Kikao kilichofuata kikalipuka. Vikao vinne vilikuwa vimepitisha 432,000 kimya kama msibani; hiki kimoja kilikaa mpaka adhana ya magharibi kwa ajili ya 20,000. Mmoja akasimama: “Mwalimu, mzee kafungua kifuniko tu! Hata mwanangu wa darasa la pili anafungua kifuniko.” Mwingine akasema elfu mbili ya sukari ingetosha, kwa kuwa mzee ni wa hapahapa. Wa tatu akataka kujua chelewa lilikuwa la nani.

Niliwajibu nikiwa nimesimama. Nikawaambia, mama zangu, nozeli ya zamani ilikuwa nzima, pampu ya zamani ilikuwa nzima, ringi za zamani zilikuwa nzima, na zote ziko ndani ya kiroba pale, mmekwisha kukubaliana kuziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mlilipa kuondoa vitu vizima, na hamkuumia. Mmelipa mara moja tu kuondoa ubovu, mnaumia. Nikapendekeza kwamba kuanzia sasa kikundi kiwe na ada ya kupima: fundi yeyote anayeitwa alipwe kwanza 15,000 kwa kueleza, mbele ya dereva na wanachama wawili, mashine ina ugonjwa gani na amejuaje. Akishindwa kueleza amejuaje, asiuze kitu. Akieleza kwamba hakuna cha kununua, alipwe vilevile, tena kwa shukrani. Na dereva awe wa kwanza kuulizwa.

Bi Mwenyekiti aliniunga mkono, na wanachama watano. Wengine wakasema watafikiri. Yule fundi wetu wa mwanzo, nilipokutana naye sokoni na kumweleza, aliniamkia kwa adabu, akasikiliza, akasema: “Shida ni kwamba, mwalimu, nikiwaambia kuna ada ya kupima watakwenda kwa mwenzangu.” Sikuwa na cha kumbishia.

Pendekezo hilo limeahirishwa mara tatu. Kiroba cha spea kimekwisha kuuzwa kwa kilo. Ile nozeli nzima niliitoa humo kabla, iko juu ya meza yangu, nami humwonyesha kila anayekuja kuniambia mashine yake imekufa. Ukurasa wa daftari wenye zile 20,000 wakaguzi wa kikundi hawajautia saini mpaka leo. Wanataka niandike “takrima” badala ya “ujuzi”. Sitaandika hivyo.